Bado Sijawa Kaya

Nilipohamia Nemba nilikuja na cherehani ya kukanyaga, godoro lililofungwa kamba, na simu yenye ufa kwenye kona ya kioo. Baba alinisindikiza mpaka stendi ya Ngara mjini. Alihakikisha cherehani imefungwa vizuri juu ya gari, akaivuta kamba kwa mara ya mwisho, akaniambia niende nikawe mtu. Sikumuuliza mtu wa namna gani, maana mimi nilishajua. Nilikuwa nimeshajiona nimekaa ndani ya duka lenye vioo, wateja wananisubiri nje, na jina langu limeandikwa mlangoni kwa rangi ya dhahabu. Hata leo nikifumba macho naliona lile duka. Sijui kwa nini ndoto zangu zote zina vioo.

Nilikwenda nikiimba moyoni, ingawa milima ya kwetu ilipoisha na msitu kuanza nililia kidogo. Dada niliyekaa naye akanipa karanga, basi nikanyamaza.

Kwetu Kanazi nyumba haifungwi mlango mchana. Mtu akipita njiani akaona moshi anaingia, anavuta kigoda, anauliza maharage yameiva au bado. Anayekula peke yake kwetu ama anaumwa ama ni mchoyo. Nemba nilipanga chumba cha uani, nyuma ya nyumba ambayo mwenyewe anaishi Mwanza na ndani amejaza magunia yake ya mahindi. Jioni ya kwanza nilikaa na chakula mapajani, nikatafuna, nikasikia sauti ya kutafuna kwangu. Sikuwahi kujua kwamba nina sauti hiyo. Kwetu ilikuwa inafunikwa na maneno ya watu.

Mchana sikuwa na shida. Cherehani niliiweka kwenye baraza la duka moja pale senta, na wateja walikuja. Walikuja na simu. Fundi aliyenifundisha kazi kule Nyamiaga alikuwa akinisimulia kwamba zamani mteja alileta kitambaa na kuonyesha kwa mikono tu, hapa pabane, hapa paachiwe. Sasa mteja anafungua simu, ananionyesha dada mmoja mrefu amesimama mbele ya gari jeupe, anasema, "Nishonee hii." Nikimpima naona kiuno si kile, mabega si yale, na gari hakuna. Lakini namwelewa. Gauni ni sehemu ndogo ya anachokiomba. Anaomba awe yule dada, japo kwa Jumapili moja, kutoka mlango wa kanisa mpaka kwenye benchi lake.

Kuna binti mmoja alikuja kuchukua gauni lake, akalivaa, akajitazama kwenye kioo changu kidogo, akatazama tena picha kwenye simu. Nikamwambia amependeza, na kweli alikuwa amependeza. Akasema taratibu, "Dada fundi, tatizo si gauni." Akalikunja akaondoka. Nilimwonea huruma siku nzima. Kisha nikarudi nyumbani nikafanya yaleyale.

Maana na mimi nilikuwa na ukurasa wangu. Nilitundika pazia la bluu kwenye ukuta wa udongo, pale mwanga wa mlangoni unapofika, nikasimamisha simu juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikajipiga picha na kila nguo niliyoshona kabla mwenyewe hajaja kuichukua. Nyuma ya simu kulikuwa na kitanda, mafiga na sufuria lenye masizi, lakini hayo hakuna aliyeyaona. Watu walinipenda. Watu wa Dar es Salaam, wa Mwanza, hata Wahangaza wenzangu walioko mbali sana waliniandikia kwamba mimi ni malkia, kwamba nimewakumbusha nyumbani. Makopa mekundu yalipanda kwenye kioo kama mapovu ya sabuni. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nikawa nakula nikiyatazama. Lakini hakuna kopa hata moja lililowahi kuniuliza kama maharage yameiva.

Kilichonitoa ndani ni jumuiya. Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, na mama alinilea hivyo, kwamba ukihamia mahali ukawa husali jumuiya, bado hujahamia, uko njiani. Kila Alhamisi jioni tulikutana kwenye nyumba ya mmoja wetu. Tulisali rozari, tukasoma Injili, kila mwenye nia akaitoa, na wiki iliyofuata sala ikahamia nyumba nyingine. Kwa njia hiyo nilizijua nyumba zote za upande ule wa senta. Nilijua nani ana picha ya Bikira Maria iliyoungua pembeni, nani hufukuza kuku kwa mguu huku anasema Salamu Maria, nani chai yake ina tangawizi mpaka unatokwa machozi. Nilikaa kwenye mikeka yao yote. Halafu sala ikafika kwa jirani yangu wa upande huu, ikaniruka, ikaenda kwa jirani wa upande ule.

Mara ya kwanza nilidhani nimesahauliwa. Mzunguko ulipofika tena kwetu ukaniruka vilevile, na ndipo nilipomfuata mwenyekiti wetu. Ni mama mtu mzima anayelima mihogo nyuma ya shule, mpole, anatembea kama mtu aliyebeba maji kichwani hata asipobeba kitu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamuuliza zamu yangu itafika lini.

"Zamu zinakwenda kwa kaya, mwanangu," akasema.

"Na mimi?"

"Wewe ni msichana umepanga. Ukiolewa utakuwa kaya. Hapo tutakuja wote, na vigelegele tutaleta."

Alisema kwa upendo kabisa, na akanipa mihogo ya kwenda kupika. Niliibeba ile mihogo mpaka nyumbani. Sikumkasirikia. Nilichokitaka kilikuwa kidogo tu, na nilikitaka kuliko lile duka la vioo. Nilitaka watu waingie chumbani kwangu, wavue viatu mlangoni, waimbe, na angalau mmoja alalamike kuhusu chai. Nilitaka Mungu akipita pale uani aone kwamba kando ya magunia ya mahindi panakaa mtu.

Nikawa kila nikikutana na mwenyekiti namkumbusha. Kisimani, gengeni, baada ya misa. Nilimwambia kwamba Mungu hakusema wawili au watatu wawe wameoana. Akacheka mpaka akashika kiuno. Mwishowe akasema haya, Alhamisi inayokuja waje kwangu, ila watu niwaambie mwenyewe, kwa sababu yeye alikuwa anaondoka kwenda kwenye msiba wa shemeji yake na hakujua atarudi lini.

Sasa, kwetu kumwalika mtu kunajulikana. Unakwenda kwake kwa miguu. Unakaa, unapewa maji, unaulizwa habari za wazee na za mvua, mnazunguka weee, na ukiwa umesimama kuaga ndipo unasema kilichokuleta. Hilo nililijua tangu utotoni. Lakini niliwaza ile milango yote, na watu wakinitazama mimi msichana nimepanga, nikaona aibu. Kwenye simu sikuwa na aibu. Kwenye simu nilikuwa malkia. Na jumuiya ilikuwa na kundi lake la kwenye simu, tena lililochangamka.

Basi nikashona gauni jipya la kitenge cha kijani, lenye mikono iliyovimba. Nikasimama mbele ya lile pazia na rozari mkononi, nikajipiga picha, nikaitengenezea kadi. Juu yake niliandika kwa herufi za dhahabu kwamba jumuiya nzima inakaribishwa kwangu, sala ya Alhamisi, saa kumi jioni. Nikaituma kwenye kundi.

Majibu yalianza hata kabla sijaweka simu chini. Amina. Amina dada. Mikono iliyokunjwa, maua, njiwa. Mmoja akauliza kile kitenge nimekipata wapi. Mwingine akauliza kama naweza kumshonea mikono ya namna ile kwa kitambaa chake mwenyewe. Niliwajibu wote kwa furaha. Amina zilikuwa nyingi kuliko nafasi za kukaa, nikaingiwa na wasiwasi wa benchi.

Siku hizo nilikuwa kama bibi harusi. Nilichukua mabaki ya satini nyeupe yaliyobaki kwenye gauni la mteja mmoja, nikayaunganisha yakawa kitambaa cha meza. Nikanunua maua ya plastiki na chupa ya chai kubwa kuliko maisha yangu. Mama anayepika chakula pale senta akaniazima benchi zake. Kitanda nilikisimamisha ukutani. Nikampigia mama simu, naye alifurahi mpaka Kiswahili kikamwishia, akaendelea kwa Kihangaza kitupu, akitaka nimtajie wageni mmojammoja ili awaombee safari njema ya kuja kwangu, kana kwamba wanatoka nchi nyingine. Nikamtajia wote walioandika Amina.

Alhamisi ilipofika nilikaanga mandazi mapema. Saa kumi nikawasha mshumaa. Watu wetu huchelewa, hilo halikunisumbua. Nikauzima ili usiishe, nikatoka mlangoni, nikarudi, nikauwasha tena. Nikanyoosha kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimeshanyooka. Mbuzi wa jirani akaja akachungulia, nikamwambia karibu.

Halafu, kwa mazoea, nikaipiga ile meza picha. Nilisogea pembeni kidogo ili benchi zionekane ncha tu, nikaiweka kwenye ukurasa wangu na maneno haya: leo kwangu ni kanisani. Makopa yakaanza kupanda. Mtu mmoja ambaye sijawahi kumwona akaandika, hongera mpendwa, umebarikiwa kuwa na watu. Nilisoma maneno hayo nikiwa nimekaa katikati ya benchi tupu. Nikamwandikia, asante sana.

Ndipo nikasikia wimbo wa kuanzia.

Ulitokea ng'ambo ya migomba, kwa baba mmoja mwenye mashine ya kusaga, kaya iliyokuwa na zamu tangu mwanzo. Nilizitambua sauti zote. Ile iliyoanza juu mno na kuwalazimisha wengine kupanda nayo ilikuwa ya mama anayeuza dagaa. Ile iliyochelewa nyuma ilikuwa ya katekista, anayeimba kama anasoma. Walikuwa watu wangu, karibu kiasi kwamba ningeweza kuwarushia ndizi, wanasali, na mimi nimekaa nawasubiri.

Sikujua nifanye nini na mwili wangu. Nilifikiria kufunga mlango nilale. Lakini kitanda nilikuwa nimekisimamisha ukutani, na mandazi yalikuwa yamejaa beseni. Nikachukua beseni nikaliweka kichwani, nikashika chupa ya chai, nikapita kwenye migomba na gauni langu la kijani.

Nilipoingia walikuwa wamefika kwenye nia. Nilitua beseni mlangoni nikapiga magoti nyuma ya wote. Mmoja aliombea mguu wa mumewe. Mwingine aliombea watoto wanaofanya mtihani. Katekista akauliza kama kuna mwingine, na kabla sijajipanga mdomo wangu ukafunguka.

"Naomba watu wa jumuiya hii waingie kwangu," nikasema. "Leo nimewasubiri na hawakuja. Tumwombe Bwana."

Niliona visigino vya watu mbele yangu, hakuna kilichosogea. Kisha wakaitikia mmojammoja, kama mvua inayoanza kwenye bati, "Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Sala ilipokwisha ndipo mama wa dagaa akanigeukia. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni, na utani wake anaujua kila mtu pale senta, ukinunua dagaa bila kutaniwa unahisi umepunjwa.

"Fundi, kumbe ulikuwa unatuita?"

"Niliweka kwenye kundi, mama. Na wewe uliandika Amina."

"Niliandikia gauni."

Watu wakacheka. Mama mwingine akasema yale maandishi ya dhahabu alidhani ni bei, akaamua asisome asije akaumia. Wakazidi kucheka, na mimi nikacheka, machozi yananitoka, na wao wakadhani ni ya kicheko.

"Usitulaumu, mwanangu," mama wa dagaa akasema. "Juzi umeweka gauni la njano, jana jekundu, leo la kijani. Tungejuaje kwamba hili la kijani lina sala ndani yake?" Alichukua andazi, akaligeuzageuza, akapunguza sauti. "Mtu anayeita watu anakuja na miguu yake."

Mandazi waliyala yote na kuyasifu. Katekista akanishukuru, ila akasema Alhamisi inayofuata ina kaya yake tayari, na suala langu lingemsubiri mwenyekiti. Nikarudi na beseni tupu. Ile picha ilikuwa bado inapendwa. Nilianza kuandika chini yake kwamba kwa kweli hakuna aliyekuja. Niliyaandika yale maneno nikayatazama. Hayakufanana na yule wa kwenye picha, mwenye pazia la bluu na mikono iliyovimba. Yeye hawezi kusubiri watu wasije. Nikayafuta, nikateremsha kitanda.

Kwa muda hata kupiga picha sikutaka. Nilishona nguo za watu nikawapa. Wafuasi waliuliza malkia kapotelea wapi, na ndipo nikafahamu kwamba sikuwahi kuwaambia hata kijiji nilichozaliwa.

Mwenyekiti aliporudi msibani nilikwenda kwake kwa miguu kumpa pole. Habari zangu alikuwa ameshazisikia njiani kabla hajatua mzigo. Alinitazama sana.

"Una kichwa kigumu kama cha bibi yako," akasema, "na bibi yako simjui." Akanipa Alhamisi ya baada ya kaya ile. "Lakini uzunguke. Kila mlango."

Nikazunguka. Nilivaa gauni la kushindia na kanga, simu nikaiacha kwenye droo ya cherehani. Nilikunywa maji mengi sana siku zile, na uji, na pahali pamoja togwa. Mzee mmoja kipofu wa jicho moja aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia baba, akataka babu, nikamtajia babu, akataka kilima, mwishowe akatikisa kichwa kuridhika, kumbe aliwahi kununua ng'ombe Kanazi. Nilitoka pale nikitembea vizuri zaidi. Miaka yote ya makopa hakuna aliyewahi kuniuliza babu.

Si milango yote iliyokuwa hivyo. Wengine walisema watakuja huku wanatazama pembeni. Mama mmoja aliniambia wazi, bila ubaya, kwamba yeye haingii kwa msichana anayekaa peke yake, na nisimwelewe vibaya. Nilimwambia nimeelewa. Nilielewa, na iliniuma mpaka nyumbani.

Alhamisi ile walikuja baadhi. Mwenyekiti alikuja na fimbo yake, mama wa dagaa, katekista, na wengine wachache, mmoja na mtoto aliyelala mgongoni. Benchi zilikuwa na mapengo, nikawaomba wasogeleane, wakakataa kwa sababu ya joto. Viatu vyao vilikaa mlangoni vichafu na vizuri. Mama wa dagaa alionja chai akasema nimeiogopa sukari, na moyo wangu ukaruka.

Tulipofika kwenye nia, katekista akasema kama asemavyo kila nyumba, "Aanze mwenye nyumba."

Niligeuka kumtafuta. Mwenyekiti akanigusa goti kwa fimbo.

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri kwa siku nyingi, na yote yakanitoka. Nikaombea mvua iwafikie wenye mahindi, na mimi sina hata shina moja. Waliitikia kwa sauti kubwa, maana mahindi yalikuwa yanaungua kweli.

Hawakukaa sana. Kulikuwa na mbuzi wa kufungua na moto wa kuwasha. Nilitoka nao nje kuwasindikiza, na pale uani nikasimama, kwa sababu walikuwa wanatawanyika kila mtu na njia yake na mimi ni mmoja. Mwenyekiti akaelekea shuleni, wengine kwenye migomba. Nikachagua kumsindikiza mama wa dagaa. Njia yake ndiyo ndefu.